Namna ya kuvumilia msimu uliokufa wa San Jose Sharks ukiwa Dar

Mwongozo huu ni wa mtu wa Dar aliyejikuta anaipenda timu ya magongo ya barafuni, na timu yenyewe inaburuza mkia. Yangu ni San Jose Sharks, nyumbani kwetu tunawaita Papa. Mdogo wangu anaishi mji huo, yeye ndiye aliyeniambukiza. Siku hizi hata haangalii tena, nimebaki mimi.

Anza na saa, maana wengi hushindwa hapo. New York na Boston huanza kucheza saa moja usiku kwao, ambayo majira ya baridi ni saa tisa usiku kwetu. Achana nazo, una kazi kesho. Chukua timu ya pwani ya magharibi. Mechi ya saa moja usiku San Jose huku inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na Oktoba, kabla hawajarudisha saa zao nyuma, ni saa kumi na moja alfajiri. Mimi nauza vitenge Mtaa wa Uhuru, natoka Kimara na mwendokasi. Kipindi cha kwanza kinanikuta kwenye foleni ya kituoni, cha pili nimesimama ndani ya basi, cha tatu nafungua duka. Usitazame mechi nzima kwa bando, itakula hela ya chai. Fuata matokeo kwenye programu ya NHL, ndiyo ligi yao, mchana ukipata nafasi angalia magoli YouTube. Ligi yenyewe huyaweka, bure.

Kisha jifunze kusoma msimamo. Kila timu ina namba tatu: ilizoshinda, ilizofungwa ndani ya dakika 60, na ilizofungwa kwenye muda wa nyongeza au penalti. Kushinda ni pointi 2, hizo za mwisho zinakupa 1. Msimu wa 2023/24 Papa walimaliza 19-54-9. Piga hesabu: pointi 47 kwa mechi 82, wa mwisho kati ya timu 32.

Sasa watani. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu mimi ni Simba na baba watoto ni Yanga. Msimu huo Papa walicheza mechi 11 za kwanza bila kushinda hata moja. Novemba 2 Vancouver waliwapiga 10-1. Mechi iliyofuata, Novemba 4 kwa saa za kule, wakiwa nyumbani kwao tena, Pittsburgh wakawapiga 10-2. Mkono mara mbili, ndani ya mechi moja, mara mbili mfululizo! Na Pittsburgh walikuwa na Erik Karlsson, beki wetu wa pointi 101 (kwa mchezaji ni magoli na pasi za magoli) msimu uliotangulia, tuliyewapa wenyewe mwezi Agosti. Huku kwetu ilikuwa tayari Jumapili, Novemba 5, 2023. Mtu wa Dar haambiwi nini kilitokea Uwanja wa Mkapa jioni ya siku hiyo: Yanga 5, Simba 1. Baba watoto hakusema neno. Aliweka vidole vitano juu ya meza, akala wali wake.

Kwa hiyo ushauri: usimwambie mtani wako kwamba una timu nyingine. Akishajua, mwambie hivi. Simba ilipopigwa ile mkono, kocha Robertinho hakumaliza wiki. Papa walimwacha David Quinn hadi Aprili 2024, msimu ulipokwisha. Hawakuwa wapole. Ligi ile haina kushuka daraja, na uongozi ulikuwa umeshaamua kuuza wakubwa na kujenga upya. Ukilielewa hilo mapema, utaacha kudai kocha afukuzwe kila Jumatatu.

Msimu ukishakufa, usiangalie tena ubao. Chagua mchezaji mmoja umfuate. Mimi huchagua kipa, kwa sababu kipa wa timu mbovu anafanya kazi kuliko kipa yeyote. Tazama anavyoteleza kutoka mlingoti hadi mlingoti kwa magoti, anadaka kile kisahani wanachochezea badala ya mpira kwa glavu ya mkono wa kushoto, halafu mabeki wake wanakipoteza tena palepale. Ila usimpende sana. Mwezi Machi kuna siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, na timu iliyokata tamaa huuza chochote chenye bei. Machi 2024 Tomas Hertl, aliyekuwa nasi tangu 2013, alikwenda Vegas. Desemba mwaka huohuo kipa Mackenzie Blackwood naye akaenda Colorado.

Ndiyo maana jezi usinunue yenye jina mgongoni. Kwenye mitumba ya Karume zinapita za timu za Marekani. Geuza ndani: ya mchezaji ina mkanda umeshonwa mgongoni, wa kufunga kwenye suruali ili mkipigana asikuvute jezi ikakufunika kichwa. Ukikuta una mkanda, lipa haraka, usimwonyeshe muuzaji uso wa furaha. Kuivaa subiri Julai, ni nzito.

Mwisho kuna bahati nasibu ya kupanga timu ipi ianze kuchagua vijana wapya wanaoingia kwenye ligi. Anayeshika mkia hupewa nafasi ya asilimia 25.5 ya kuchagua kijana wa kwanza, na hawezi kushuka chini ya chaguo la tatu. Mei 2024 Papa walishinda, wakamchukua Macklin Celebrini, kijana wa miaka 18. (Baba yake ni mtu wa tiba na viungo wa Golden State Warriors, kwa wale wa kikapu.) Alfajiri ya mechi yake ya kwanza alifunga na akatoa pasi ya goli. Papa waliongoza, wakasawazishiwa, wakafungwa 5-4 muda wa nyongeza. Dada aliyesimama pembeni yangu kwenye basi aliniuliza kama nimefiwa.

Wapo mashabiki ambao kuanzia Januari huomba timu yao ifungwe ili nafasi ikue. Mimi siwezi, na hesabu yenyewe haiwatetei. Msimu wa 2024/25 Celebrini alipata pointi 63 katika mechi 70, Papa wakawa wa mwisho tena kwa pointi 52. Mei bahati nasibu ikachezeshwa, wakashinda New York Islanders, waliokuwa wa kumi kwenye mstari na asilimia 3.5 tu. Papa wakapata chaguo la pili, Michael Misa. Droo hiyo huchezeshwa usiku wa manane wetu. Usiisubiri, lala, utayakuta matokeo kwenye foleni ya Kimara.