Jinsi ya Kufanya Mafunzo kwa Vitendo ya Saa Chache kwa Krediti Ukiwa Mwanafunzi wa F-1 Marekani

Mwanafunzi aliyepitia chuo kikuu cha Tanzania au Kenya hufika Marekani akiwa na picha moja ya mafunzo kwa vitendo, yale tuliyozoea kuyaita fildi au atachimenti: chuo hutoa barua ya utambulisho, mwanafunzi huizungusha ofisi hadi ofisi, na akipokelewa huanza kazi Jumatatu inayofuata, siku nzima, kwa wiki kadhaa za likizo ndefu. Marekani mambo yamepangwa vingine. Mara nyingi kazi hufanyika katikati ya muhula, kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, huku masomo mengine yakiendelea, na kwa mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, kupata nafasi si sawa na kupata ruhusa. Ruhusa hiyo, inayojulikana kwa kifupi cha CPT (Curricular Practical Training), hutolewa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako, na msingi wake ni kwamba kazi unayokwenda kuifanya ni sehemu ya mtaala wa shahada yako. Krediti ndiyo inayoihalalisha kazi. Kwa hiyo anza kwa kutafuta somo, ndipo utafute mwajiri.

Sharti la kwanza ni muda. Kanuni inamtaka mwanafunzi awe amesoma kwa utimilifu mwaka mzima wa masomo, yaani kwa kawaida mihula miwili, kabla hajapewa CPT, isipokuwa kwa programu za uzamili na uzamivu ambazo mtaala wake unamlazimu kila mwanafunzi kuanza mafunzo hayo mapema. Aliyeanza shahada ya kwanza mwezi wa Agosti hawezi basi kufanya kazi hiyo Januari inayofuata, hata kampuni ikimhitaji kiasi gani. Wenye viza ya J-1, ya programu za kubadilishana, wana utaratibu mwingine, unaosimamiwa na taasisi iliyowapa fomu ya DS-2019, na maelezo haya hayawahusu.

Muhula mmoja kabla ya ule unaokusudia kufanya kazi, nenda kwa mshauri wa masomo wa idara yako umuulize kama idara ina somo la mafunzo kwa vitendo, lina krediti ngapi, na kama krediti hizo zinahesabiwa katika mahitaji ya shahada au zinabaki za ziada tu. Swali hili la mwisho wengi hulisahau. Uliza pia idadi ya saa. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni saa 40 hadi 50 za kazi kwa kila krediti, hivyo somo la krediti tatu lenye kipimo cha saa 45 linadai saa 135, ambazo katika muhula wa wiki 15 ni saa tisa kwa wiki. Mwajiri akitaka saa 15, utakuwa umetimiza sharti la chuo na kulipita, lakini utalazimika kupima kama masomo mengine yatastahimili. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa kubaki na angalau krediti 12 katika muhula, na krediti za mafunzo huingia katika hesabu hiyo. Ninashauri upunguze somo moja gumu badala ya kujaribu kubeba krediti 15 pamoja na kazi.

Katika kutafuta nafasi, kitengo cha ajira cha chuo kitakusaidia kuandika wasifu kwa mtindo wa huko, ambao ni ukurasa mmoja usio na picha, umri, dini wala hali ya ndoa. Penye kikwazo zaidi ni swali linalokuja karibu katika kila fomu ya maombi: je, una haki ya kufanya kazi Marekani, na je, utahitaji kudhaminiwa na kampuni? Jibu kwa ukweli, na ueleze kwa ufupi, kwa sababu waajiri wengi wadogo hawaijui CPT na wakisikia neno viza hudhani wataingizwa katika gharama za wanasheria. Waambie kwamba idhini hutolewa na chuo chenyewe, kwamba kampuni hailipi ada yoyote serikalini, na kwamba kinachotakiwa kwao ni barua tu. Sentensi hizo tatu zifanyie mazoezi mpaka zitoke bila kusita, kwa maana mwajiri akikuona unababaika naye ataogopa.

Barua hiyo iandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, ikitaja cheo chako, kazi utakazofanya, anwani kamili ya mahali utakapofanyia kazi, jina la msimamizi, saa kwa wiki, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Maelezo ya kazi yasiwe ya jumla. Mwanafunzi wa uhasibu ambaye barua yake inasema "kusaidia shughuli za ofisi" atarudishwa, kwa sababu hakuna anayeweza kuona uhusiano wa shughuli hizo na shahada yake. Ukishapata barua, sajili somo, mhadhiri msimamizi atie saini, kisha peleka maombi ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Ofisi itaingiza taarifa zako katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, na kukupa I-20 mpya, yaani ile fomu ya chuo inayothibitisha hadhi yako ya uanafunzi.

Fungua ukurasa wa pili wa I-20 hiyo kabla hujafurahi. Hapo pana sehemu inayotaja jina la mwajiri, tarehe mbili, na kama kazi ni ya muda kamili au ya saa chache. Soma kila herufi. Idhini ni ya mwajiri huyo peke yake, ndani ya tarehe hizo peke yake, na ikiwa ni ya saa chache maana yake ni saa 20 kwa wiki au pungufu. Faida ya kubaki ndani ya kiwango hicho ni kubwa: anayefikisha miezi 12 ya CPT ya muda kamili hupoteza haki ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, katika ngazi hiyo ya elimu, ilhali CPT ya saa chache haipunguzi haki hiyo.

Usianze kazi kabla ya tarehe iliyoandikwa, hata kwa siku moja, hata kwa "mafunzo ya utangulizi" ambayo bosi anakuambia si kazi hasa. Ninalisema hili kwa uzito wote. Kazi bila idhini humwondolea mwanafunzi hadhi yake ya kukaa nchini, na njia ya kawaida ya kuomba kurejeshewa hadhi hiyo imefungwa kwa waliofanya kazi bila ruhusa. Na usidhani kutolipwa kunakuokoa, kwani vyuo vingi vinadai CPT hata kwa nafasi zisizo na malipo.

Kama huna namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), nenda ofisi yao ukiwa na pasipoti, I-94 (kumbukumbu ya kuingia kwako nchini) na I-20 mpya, si zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza. Unaruhusiwa kuanza kazi huku namba ikisubiriwa. Kazini utajaza fomu ya I-9, ya kuthibitisha haki yako ya kufanya kazi, siku ya kwanza, na kuonyesha hati zako ndani ya siku tatu za kazi.

Hati ya malipo ya kwanza isome polepole. Mwanafunzi wa F-1 aliye ndani ya miaka mitano ya kwanza ya kalenda nchini kwa kawaida hakatwi michango ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee), ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65 ya mshahara, lakini wahasibu waliozoea kulipa raia huikata bila kujua. Kwa malipo ya dola 18 kwa saa, saa 15 kwa wiki, wiki 15, mshahara wote ni dola 4,050, na makato hayo yangefika karibu dola 310, fedha inayotosha vitabu vya muhula mzima. Mwandikie mhasibu kwa upole ukimweleza hadhi yako. Asipoweza kurekebisha, fomu ya 843 ndiyo ya kudai marejesho.

Ukiwa kazini, kumbuka kwamba alama hutolewa na mhadhiri asiyekuona. Atakachokisoma ni malengo uliyoandika mwanzoni, kumbukumbu zako za kila wiki, tathmini ya msimamizi na ripoti ya mwisho. "Nitajifunza uhasibu" halipimiki. "Ifikapo wiki ya sita nitaweza kulinganisha daftari la fedha la ofisi na taarifa ya benki ya mwezi mzima bila msaada" linapimika, na litakupa cha kuandika kila wiki. Kumbukumbu ziandike siku ileile, mistari mitano tu: nilipewa nini, nilikosea wapi, nani alinirekebisha.

Sisi tuliolelewa kumheshimu mkubwa kwa kunyamaza tuna somo la ziada hapa. Msimamizi atataka umwite kwa jina lake la kwanza, na ukikaa kimya baada ya kumaliza kazi atadhani huna hamu, wakati wewe unasubiri kuagizwa kwa adabu. Omba dakika 15 naye kila wiki, siku maalumu, uende na maswali yaliyoandikwa. Mweleze mapema pia tarehe za mitihani yako, maana ofisi haina kalenda ya chuo.

Tarehe ya mwisho ikikaribia na kampuni ikitaka uendelee, utahitaji kusajili krediti tena na kupata idhini mpya kabla ile ya kwanza haijaisha. Idhini hiyo ikichelewa, unakaa nyumbani mpaka itoke. Mwaka unaofuata utajaza fomu ya 8843, inayoeleza siku ulizokaa nchini, na ripoti ya kodi ya 1040-NR, ambayo kwa aliyepokea mshahara huwasilishwa kufikia Aprili 15. Nakala za I-20 zote, pamoja na zilizopitwa na wakati, ziweke katika faili moja na barua ya mwajiri na hati za malipo, kwa kuwa historia yako ya CPT itahitajika tena siku utakapoomba OPT.