Barua 300 za kanisa kwa bei nafuu: anza na listi, posta baadaye

Wapendwa, najua makanisa mengi hapa Uganda siku hizi yanatuma kila kitu WhatsApp, lakini kuna barua ambazo lazima ziende kwa karatasi, za ahadi za ujenzi, za mialiko ya harambee, za kuwashukuru waliotoa. Mzee aliyeahidi milioni moja ya mabati anataka kushika barua yenye mhuri wa kanisa mkononi. Kwetu hapa Jinja zinafika kama 300 kwa awamu moja na waumini wametapakaa, Kampala, Mbale, Gulu, Arua, Kasese, na mimi ndiye ninayezitayarisha kwa kujitolea pale ofisini, kwa hiyo naandika vile tunavyofanya ili mwingine asihangaike.

Kwanza elewa punguzo la posta linatoka wapi. Posta inamshushia bei mtu anayewapunguzia kazi. Kule Marekani wameiweka wazi kabisa, kanisa likishasajiliwa kama shirika lisilo la faida linapata bei ya chini, ila lazima lilete angalau barua 200 au mzigo wa pauni 50 kwa mkupuo mmoja, zote za aina moja na zimeshapangwa kwa namba za maeneo, ndiyo maana wenzetu kule wana programu maalum za kupanga tu. Sisi anwani yetu ni namba ya sanduku na mji, basi kupanga kwetu ni rahisi zaidi, mji kwa mji, lakini hiyo kazi inafanyika kwenye kompyuta kabla hujachapa hata karatasi moja, ukisubiri upange bahasha 300 mezani utalia.

Sasa listi. Fungua Excel, au LibreOffice ambayo ni ya bure na inatosha kabisa, halafu kila kitu kipe kolamu yake: cheo cha heshima (Mzee, Mama, Ndugu, Mchungaji), jina, sanduku, mji, simu, lugha, kiasi cha ahadi. Usiandike "P.O. Box 45 Mbale" yote kwenye kiboksi kimoja, maana hutaweza kupanga kwa mji. Na mji uandikwe namna moja tu, ukiwa na "Kampala", "Kla" na "kampala " yenye nafasi mwishoni, kompyuta inaona miji mitatu. Ile fomula ya TRIM inafuta hizo nafasi, itumie.

Kolamu ya lugha watu wanaisahau lakini kwetu ni muhimu sana, kuna bibi anayesoma Lusoga peke yake, kuna familia za kambini zinazosoma Kiswahili, kuna vijana wanaotaka Kiingereza. Unaandika barua tatu, halafu unachuja listi kwa lugha, kila mtu anapata anayoielewa.

Hapa kuna mtego ambao ukisoma maelekezo ya nchi nyingine hawatakwambia. Wao wanasema futa anwani zinazojirudia. Kwetu watu ishirini wanaweza kutumia sanduku moja la shule au la parokia au la kazini, na ni watu tofauti kabisa, kwa hiyo usifute kwa kuangalia sanduku peke yake, angalia jina na simu kwa pamoja ndipo ufute. Lakini ukishapanga kwa sanduku utaona kundi, na kama wako wanane kwenye sanduku la parokia moja, mpigie katekista umuulize kama unaweza kuweka barua zote nane kwenye bahasha moja kubwa kwa jina lake azigawe Jumapili. Hapo umeokoa stempu nyingi kuliko punguzo lolote utakaloomba kaunta. Barua za ahadi tu ndizo ziwe zimefungwa kila moja peke yake ndani, pesa ya mtu ni siri yake.

Na kuhusu siri, hili naliandika kwa uchungu. Mwaka mmoja nilipanga listi kwa majina, nikachagua kolamu ya majina peke yake, Excel ikauliza kama ipanue uchaguzi au iendelee na kolamu hiyo tu, nikabonyeza haraka iendelee. Majina yakapangika vizuri, ahadi zikabaki pale zilipokuwa. Mama mmoja mjane aliyeahidi elfu hamsini akapokea barua ya kumkumbusha milioni mbili. Alikuja ofisini na ile barua ameikunja kwenye leso, amekaa kimya, akaniuliza, "Mwanangu, hii nitaitoa wapi?" Tulienda nyumbani kwake na mchungaji kuomba msamaha, na tukawapigia simu wengine wote. Tangu siku hiyo kabla ya kupanga natengeneza kopi ya faili, nachagua jedwali zima, na baada ya kupanga nachukua majina kumi nayalinganisha na daftari la ahadi. Sheria yetu ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahesabu imani ya mtu na mambo yake ya pesa kama taarifa nyeti, na listi ya kanisa ina vyote viwili, kwa hiyo faili iwekwe paswedi na isitumwe kwenye grupu la WhatsApp.

Kuunganisha na barua ni rahisi. Kwenye Word nenda "Mailings", kisha "Start Mail Merge", chagua barua, halafu "Select Recipients" na uonyeshe faili yako ya Excel. Pale panapotakiwa jina weka "Insert Merge Field", vivyo hivyo sanduku na mji. Kitu kimoja kitakusumbua, pesa itatokea 500000 bila koma na wazee hawapendi kuhesabu sifuri, basi bonyeza Alt na F9, baada ya jina la kolamu ndani ya yale mabano ongeza \# #,##0 kisha Alt na F9 tena, ukiangalia kwa "Preview Results" itakuwa 500,000. Ukimaliza usichape moja kwa moja, chagua "Edit Individual Documents" upate faili yenye barua zote uzipitie kwa macho. Chapa tano kwanza.

Kuhusu uzito, A4 ya kawaida ya gramu 80 ni gramu 5 kamili, kwa sababu A4 kumi na sita ni mita mraba moja. Bahasha ndefu ni kama gramu 4 au 5 nyingine. Posta nyingi ngazi ya kwanza ya uzito inaishia gramu 20, ina maana karatasi mbili uko salama, tatu uko ukingoni, na ukiongeza kadi ya ahadi ya karatasi ngumu umeshavuka na bei inapanda kwa barua zote 300. Pima moja kwenye mzani wa jikoni. Sisi tulipunguza maandishi tukachapa pande mbili, ikawa karatasi moja.

Kukunja tunafanya na akina mama baada ya ibada, kwenye mabenchi, kila benchi mji wake. Kunja mara mbili ipate sehemu tatu, anwani ibaki nje, na kama bahasha ina kidirisha igonge mezani uone kama anwani inajificha. Funga kila mji kwa mpira na kikaratasi juu chenye jina la mji na idadi.

Siku mbili kabla nenda posta na bahasha moja ya mfano na karatasi yenye idadi kwa kila mji, omba kuonana na msimamizi, uliza bei ya mzigo mzima na kama wanaweza kupiga mhuri wa malipo kwa mashine badala ya nyinyi kulamba stempu 300. Ukienda na hesabu tayari wanakusikiliza tofauti.

Wasio na sanduku uwatumie SMS kutoka listi ileile. Kolamu ya simu iwe fomati ya maandishi, la sivyo Excel inakula ile sifuri ya mbele. SMS moja ni herufi 160, ila ukikopi kutoka Word neno kama "ng'ambo" ile alama ya juu inakuja imepinda, na hiyo moja tu inashusha kikomo mpaka 70, unalipa SMS mbili au tatu kwa kila mtu. Ifute uiandike upya kwa simu.

Barua zitakazorudi, na zitarudi, usiziache kwenye droo. Andika kwenye listi siku hiyohiyo, sanduku limefungwa au mtu amehama, mpigie upate anwani mpya kabla ya awamu ijayo.