Kabla Hujamlisha Chatu: Mambo ya Kuangalia Asije Akarudisha Chakula

Kibali kwanza. Chatu ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huruhusiwi kumweka uani kienyeji kama kuku. Kama hilo hujalimaliza, haya mengine yasubiri.

Chakula kisizidi unene wa chatu mwenyewe, pale alipo mnene kuliko pote. Watu wetu wa Tabora wanapenda sifa: chatu mdogo anapewa mtetea mzima, majirani wanaitwa waje kuona taya zinavyotanuka. Kumeza atameza, kazi ipo kwenye kusaga. Panya wawili wadogo ni bora kuliko kuku mmoja wa kushangaza watu. Na panya wa kutegwa mtaani, hapana. Hujui ametoka kula sumu ya nyumba gani.

Maji safi yawepo siku zote, kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua.

Angalia choo. Kama chakula kilichopita hakijatoka na karibu na mkia pamejaa, usimwongezee kingine. Mweke kwenye karai la maji ya vuguvugu yasiyofika kichwani, nusu saa hivi, na usiondoke hapo. Kitu kikichungulia nyuma usikivute. Kuna mtu alivuta, utumbo ukafuata.

Sasa joto, na hapa tukae kidogo. Mji wetu upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba mchana jua linachoma, lakini usiku baridi hushuka hadi nyuzi 15 hivi, na kibanda cha mabati hakizuii kitu. Chatu anasaga kwa joto analolipata nje ya mwili wake. Anahitaji kona moja yenye nyuzi 30 hadi 32, na kona nyingine ya ubaridi kidogo ya kukimbilia. Akikosa joto, nyama inaoza tumboni kabla haijasagwa, gesi inajaa, tumbo linairudisha. Nunua kipimajoto, usipime kwa kiganja. Umeme ukikatika usiku, chupa za maji ya moto zilizofungwa khanga zitasaidia. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa litawaua wewe na yeye.

Haya tunayajua, lakini ngoma ikianza tunasahau. Ilikuwa msimu baada ya mavuno, vikundi vya Bayeye, wacheza ngoma na nyoka, vinaalikwa huku na huko, na kijana mmoja wa Isevya alikuwa na chatu jike mzuri sana, ngozi inang'aa. Akamlisha sungura usiku wa kuamkia ngoma, kwa hoja kwamba nyoka aliyeshiba hutulia. Asubuhi akamtia kwenye gunia, gunia likapanda bodaboda, barabara ya vumbi na mashimo. Uwanjani akamzungusha shingoni. Watu wanapiga makofi, mimi naona shingo ya yule nyoka inajikunja na kujinyoosha, mdomo unafunguka taratibu. Mzoga wa sungura ukatoka mzima, manyoya yamelowa ute, harufu ya uchachu ikatufikia hadi tulipokaa. Watoto wakacheka.

Hadi hapo hapakuwa na msiba. Alivurugwa tu, na nyoka akivurugwa hutupa mzigo ili aweze kukimbia. Msiba ulikuja jioni.

"Shangazi, ana njaa huyu, tumbo tupu," akaniambia. Nikamwambia mwache. Wazee wawili waliokuwepo wakasema mpe, nguvu zitamwishia. Akampa kuku. Akameza, na siku ya tatu akarudisha, safari hii uji unaonuka na manyoya yameachana na ngozi. Akampa tena. Kabla mwezi haujaisha uti wa mgongo ulikuwa umechongoka, na hakuinua kichwa tena.

Sababu yake ni hii. Chatu asipokuwa na kitu tumboni huzima karibu mitambo yote ya kusaga. Akimeza ndipo asidi inapoanza kumwagika na utumbo unavimba kujiandaa. Akirudisha, ile asidi inapita kooni ikimchubua, na nguvu zote alizotumia zimepotea bure. Ukimlisha kesho yake unapeleka chakula kwenye kidonda. Kwa hiyo akirudisha mara moja: maji, joto, giza, asiguswe, siku 10 hadi 14 bila kula. Kisha mpe kidogo, theluthi ya kawaida yake. Kikikaa na choo kikatoka, ongeza polepole. Hatakufa kwa njaa, chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula.

Na baada ya mlo wowote, usimshike kwa saa 48 angalau. Kama ni mlo mkubwa, ngoja hadi ule uvimbe upotee. Mwenye ratiba ya ngoma apange mlo kwa kuangalia ngoma.

Akirudisha mara ya pili pamoja na tahadhari hizo, usibahatishe. Inaweza kuwa minyoo, amiba, au kriptosporidia, kijidudu kinachovimbisha katikati ya mwili na ambacho klorini ya kawaida haikimalizi. Mtenge na nyoka wengine, pamoja na chombo chake cha maji na koleo lake. Chukua choo kibichi kwenye kikopo safi, kisikae juani, umpelekee daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, ipo hapahapa mjini. Dawa ya minyoo ya kuku usimnyweshe kwa kukisia, dozi inafuata uzito wake. Kumtia tumbaku na majivu mdomoni, acha.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza, nyoka wanabeba vijidudu vya salmonela. Mtoto mdogo asiachwe naye hata dakika moja. Usimlishe mkiwa na wageni. Usimlishe ukiwa umelewa. Kama unayemfuga ni nyoka wa sumu, swila au kifutu, usinifuate mimi kwa lolote katika haya. Na kibanda kifungwe kwa kufuli, siyo kwa kipande cha waya.