Somo: Kupiga kambi majira ya joto katika hifadhi za jimbo la Minnesota

Ndugu zangu mlio Minnesota, ikifika Juni swali huwa ni lile lile: watoto wamefunga shule, twende wapi kabla baridi haijarudi? Wengi wetu tunaishia bustani ya mtaani na jiko la mkaa. Si vibaya, lakini jimbo hili lina hifadhi zaidi ya 60, na nyingine ziko karibu kuliko unavyodhani. Somo hili ni la anayeanza kabisa, asiye na hema wala uzoefu.

Kwanza tuelewane. Ukisikia hifadhi ya jimbo usifikirie Mikumi wala Nakuru. Huku hukai ndani ya gari kuwatafuta simba. Unatembea kwa miguu, unaogelea, unapika, unalala. Wanyama utakaowaona zaidi ni kindi na kulungu, na hakuna atakayekuuliza dereva wako yuko wapi.

Hatua ya 1: Nenda siku moja, urudi ulale kwako

Usinunue hema bado. Nenda asubuhi, rudi jioni, uone kama familia inapenda jambo lenyewe. Kwa wakazi wa Minneapolis na St. Paul pa kuanzia ni Fort Snelling, iliyo mjini kabisa, ndege za uwanja wa jirani zikipita juu ya kichwa. Kulala hairuhusiwi, kwa hiyo wote mliopo ni wageni wa mchana. Kuna ufukwe kwenye Ziwa Snelling, na njia tambarare za kutembea hadi Mto Minnesota unapoingia Mississippi. Wadakota, wenyeji wa asili wa huku, wanapaita Bdote, na kwao ni mahali patakatifu. Ni hapo hapo, chini ya ngome ya jeshi iliyoipa hifadhi jina lake, serikali ilipowafungia Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, majira ya baridi ya 1862 kuingia 1863. Watoto wakubwa wasimulieni. Wakimbizi miongoni mwetu hawatahitaji maelezo marefu.

Ukitaka kwenda mbali kidogo, hifadhi iitwayo Interstate iko Taylors Falls, kama saa moja kutoka mjini. Maji ya barafu iliyoyeyuka zamani yalizungusha mchanga na mawe mpaka yakatoboa mashimo ya mviringo ndani ya mwamba mgumu, na kuna moja lenye kina cha mita 18 hivi. Watoto wadogo washikwe mkono muda wote.

Kusini, karibu na Mankato, kuna Minneopa. Hapa ndipo utakumbuka nyumbani: nyati wa Marekani walirudishwa mwaka 2015, nawe unapita kwa gari polepole katikati ya eneo lao bila kushuka. Barabara hiyo hufungwa Jumatano. Baada ya nyati, tembeeni hadi kwenye maporomoko ya maji, yamepangana mawili, moja juu ya jingine.

Hatua ya 2: Kibali cha gari

Kila gari linahitaji kibali, cha siku moja au cha mwaka mzima. Cha mwaka kinahesabiwa tangu mwezi ulipokinunua na kinafungua hifadhi zote za jimbo, kwa hiyo ukienda mara kadhaa tu pesa yako imerudi. Haijalishi gari lina watu wawili au saba.

Kuna njia mbili za bure ambazo watu wetu wengi hawazijui. Baadhi ya maktaba za umma zinaazimisha kibali cha siku saba kwa kadi yako ya maktaba, kama unavyoazima kitabu. Pia kwa mwaka zipo siku nne ambazo kiingilio cha gari ni bure, na moja huangukia Juni. Siku hiyo fika mapema, maana maegesho hujaa.

Hatua ya 3: Kuweka nafasi. Hapa ndipo penye kazi

Viwanja vya kambi hufunguliwa kwa kuwekewa nafasi siku 120 kabla ya tarehe ya kufika, kupitia tovuti ya Idara ya Maliasili ya jimbo au kwa simu. Piga hesabu mwenyewe: anayetaka kulala tarehe 4 Julai anatakiwa awe macho mwanzoni mwa Machi, theluji ikiwa bado imejaa nje. Sisi tunaanza kuulizana mwezi wa sita, tunakuta Ijumaa na Jumamosi zote zimechukuliwa, tunasema basi haya mambo ni ya wenyewe.

Si ya wenyewe, ni ya waliowahi. Na tuna silaha ambayo hatuitumii. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu: hospitali, nyumba za wazee, maghala. Zamu ambayo kila mtu anailalamikia, ile inayokupa mapumziko Jumanne na Jumatano, ndiyo tiketi yako. Kuanzia Jumapili usiku hadi Alhamisi nafasi hupatikana hata katikati ya Julai, na mahali panakuwa kimya. Wenye kazi za ofisini wanagombania wikendi, waachie.

Kama hukuwahi, angalia tena siku chache kabla. Watu hughairi, na kiwanja kilicho wazi unaweza kukichukua hata siku hiyo hiyo, ila usiendeshe gari mwendo wa saa tatu kwa matumaini. Weka nafasi kwa simu ndipo uwashe gari.

Soma maelezo ya kiwanja kabla ya kulipa. Vingine unaegesha gari pembeni ya hema. Vingine unaacha gari na kubeba mzigo kwa miguu, na pale Split Rock Lighthouse unausukuma kwa mkokoteni. Afton, ingawa iko karibu na mji, viwanja vyake vya hema ni vya kutembea mlima na begi mgongoni. Si pa kwenda na mtoto mchanga na sufuria ya pilau. Asiye na hema aulizie vibanda vya mbao: vina vitanda na magodoro, shuka unakuja nazo mwenyewe, kupika ni nje. Navyo huwahiwa sana.

Hatua ya 4: Chagua kwa umbali na kwa maji

Kambi ya kwanza, mimi naipigia kura William O'Brien, kando ya Mto St. Croix. Ni chini ya saa moja kutoka mjini, kwa hiyo mvua ikiwashinda usiku mnarudi nyumbani kulala, na hakuna atakayewacheka. Kuna Ziwa Alice la kuogelea, lenye ufukwe wa mchanga.

Kambi ya pili, Jay Cooke, karibu na Duluth. Mto St. Louis unapita kwa kishindo juu ya miamba iliyosimama upande upande, na juu yake kuna daraja la kuning'inia. Mafuriko ya Juni 2012 yalilibomoa, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka uliofuata. Mto ule ni wa kutazama, usiingie.

Halafu kuna pwani ya kaskazini ya Ziwa Superior, ambayo kila mtu anaipiga picha. Gooseberry Falls, kisha Split Rock na mnara wake wa taa uliojengwa 1910 baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuvunja meli nyingi, kisha Tettegouche yenye maporomoko ya futi 60. Ni pazuri kweli. Lakini nitasema wazi: Jumamosi ya Julai pale Gooseberry ni kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Nenda katikati ya wiki, au subiri Septemba. Maji ya Superior ni baridi ya kuuma mifupa hata Agosti, na usiku kando yake unataka sweta na soksi. Kwa wapita njia tu, maporomoko ya Gooseberry unaweza kuyaona ukiegesha kwenye kituo cha wageni bila kibali.

Itasca iache mpaka muwe mmezoea, kisha muipe usiku mbili au tatu. Ni mwendo wa karibu saa nne. Ndiyo hifadhi kongwe ya jimbo, ya mwaka 1891, na ndani yake kuna maziwa zaidi ya 100. Mississippi inaanzia pale, ikitoka ziwani kama kijito ambacho mtoto wa chekechea anakivuka kwa kukanyaga mawe, ndipo inasafiri zaidi ya maili 2,300 hadi Ghuba ya Meksiko. Misonobari mirefu utakayoikuta ilinusurika kwa shida. Mwaka 1903 msichana wa miaka 24, Mary Gibbs, ndiye aliyekuwa msimamizi, akakabiliana na wakata magogo waliokuwa wanapandisha maji ya ziwa kwa bwawa lao. Waeleze binti zenu wakiwa wamesimama chini ya miti hiyo.

Hatua ya 5: Vitu vya kubeba

Hema kubwa kidogo kuliko idadi yenu: lililoandikwa watu wanne linalaza wawili na mabegi. Turubai la kutandika chini, lisizidi ukingo wa hema, la sivyo litakinga mvua na kuipitisha chini yenu. Godoro la upepo na pampu yake. Taa ya kichwani kwa kila mtu, hata mtoto, inawazuia kugombana. Dawa ya mbu ni lazima, hasa Juni na mwanzo wa Julai. Ukitoka msituni kagua kupe nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele za watoto, kwa sababu kupe wadogo wa huku hueneza ugonjwa wa Lyme.

Hatua ya 6: Moto na chakula

Kuni usitoe nyumbani. Nunua pale hifadhini, au kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Kuna mdudu mdogo wa kijani anayeua miti ya ash, na anasafiri ndani ya kuni. Sheria hii wanaifuatilia.

Kila kiwanja kina duara la chuma la kuwashia moto lenye wavu. Wavu ni mdogo, kwa hiyo nyama kata vipande, tia chumvi, limau na tangawizi nyumbani, igandishe, iwe barafu ya kisanduku chako njiani. Washa mapema na usubiri makaa. Moto wa ndimi unaunguza nje na kuacha damu ndani. Ugali unapikika vizuri kwenye jiko dogo la gesi, kwenye kuni unahitaji mtu wa kushikilia sufuria. Kabla ya kulala mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena mpaka uweze kuyagusa kwa mkono.

Maswali ya wanachama

Mama wa Watano, Brooklyn Park: Sisi ni saba. Wanaturuhusu kiwanja kimoja?
Kawaida ni watu sita kwa kiwanja, ila familia moja ya wazazi na watoto wao huangaliwa tofauti. Piga simu kwenye hifadhi husika kabla ya kulipa, mama. Mkiongezeka binamu na majirani, tafuteni kambi ya kikundi.

Mgeni wa St. Cloud: Nimefika mwaka jana kama mkimbizi. Wataniuliza karatasi?
Hapana, ndugu. Unaweka nafasi kwa jina na kadi ya benki. Bei ya kibali cha gari ni moja kwa wote, hata anayetoka jimbo jingine.

Kaka Mvuvi: Leseni ya kuvua inahitajika?
Mkazi wa jimbo anayevua akiwa ukingoni au amesimama majini ndani ya hifadhi kwa kawaida hahitaji leseni, isipokuwa kwenye maji ya samaki aitwaye trauti yanayotaka stempu, na mito ya pwani ya kaskazini ni ya namna hiyo. Kwa boti ni hadithi nyingine: ziwa likivuka mipaka ya hifadhi, kata leseni.

Dada wa Mombasa: Naweza kuingia majini na nguo zangu za stara?
Waweza, dada, hakuna wa kukuzuia. Vaa za kuogelea za stara, si dera, maana dera likilowa lina uzito wa kukuvuta chini. Ukitaka utulivu nenda asubuhi. Jua pia kwamba fukwe hizi hazina walinzi wa kuokoa, hivyo mtu mzima mmoja akae akitazama watoto bila simu mkononi. Kwenye mtumbwi, mtoto wa chini ya miaka 10 sheria inamtaka awe amevaa jaketi la kuokolea.

Baba Watatu, Rochester: Na dubu?
Wapo, weusi, zaidi kaskazini. Wanafuata harufu. Chakula, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, vyote viwe ndani ya gari lililofungwa usiku, na mtoto asilale na biskuti hemani. Kindi atakusumbua zaidi ya dubu.

Mpenda Muziki: Spika inaruhusiwa? Tukikutana bila Bongo Flava si kambi.
Mchana kwa sauti isiyovuka kiwanja chako, sawa. Saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi ni kimya, na mlinzi akipita atakuambia mara moja tu.

Mama wa Watano tena: Radi ikianza usiku tufanyeje?
Tokeni kwenye hema, ingieni kwenye gari au jengo la bafu. Mkifika kambini mchana angalia kwanza jengo hilo liko wapi, na funguo za gari zilale mahali pamoja kila usiku.