Kuweka picha ya ofisi nyuma ya kila mtu kwenye mitingi, kompyuta zote mara moja

Kuna dada yetu wa mikopo tawi la Bungoma, kila Jumatatu mitingi ikianza kamera yake imezimwa. Mimi nilidhani ni bando. Siku moja ikawaka kwa bahati mbaya, nyuma yake kitanda na neti ya mbu imefungwa fundo juu, akaizima haraka na kutoka hapo hakuongea tena, hata tulipofika kwa mambo ya mikopo ambayo anayajua kutushinda wote. Hapo ndio niliona hii maneno ya bakigraundi si urembo, na si kitu ya kuachia kila mtu ajipange mwenyewe. Sisi tunaoshughulikia kompyuta ndio tunafaa kuiweka, mtu akifungua aikute.

Niko sacco moja hapa Kisumu, matawi manne, na hivi ndivyo tulifanya.

Anza na picha. Ukubwa 1920 kwa 1080, PNG iliyobanwa isiwe nzito, maana kuna tawi lenye intaneti ya kusukuma. Kila mtu atakwambia weka machweo ya Dunga ama flamingo wa Ziwa Nakuru, na ni picha poa, lakini macho ya watu yataenda kwa ndege badala ya anayeongea. Mimi nasema ukuta wa rangi moja iliyotulia na logo juu kwa kona. Katikati usiweke kitu, hapo ndio kichwa kitakaa, na chini kushoto paachie jina la mtu. Logo pia usiisukume ukingoni kabisa, ivute ndani kidogo, kwa sababu mkiwa wengi kwa skrini vile vidirisha hukatwa pande.

Kama mnatumia Zoom ni kazi ndogo, ingia kwa tovuti yao na akaunti ya admini, fungua Account Settings, upande wa mitingi tafuta Virtual Background, pakia picha zako pale na kila aliye kwa akaunti ya ofisi atazipata. Basi.

Teams ndio ina maneno. Ofisi ikilipia Teams Premium unapakia kwa ukurasa wa admini, hadi picha 50, umemaliza. Sisi hatukuwa na hiyo pesa, kwa hivyo tulipitia folda. Teams mpya kwa Windows huweka picha za mtu hapa:

%LocalAppData%\Packages\MSTeams_8wekyb3d8bbwe\LocalCache\Microsoft\MSTeams\Backgrounds\Uploads

Ukipata maelezo ya zamani yanayokutuma kwa AppData\Microsoft\Teams, hiyo ni ya Teams ya kale, utaweka picha na hutaiona. Tena Teams mpya haikubali jina lolote tu kama logo.png, inataka jina la GUID, yale manambari marefu yenye vistari, na kando yake picha ndogo ya jina hilo hilo ikiishia na _thumb, upana 280 urefu 158. Ukikosa ile ndogo unajisumbua bure.

GUID unaitengeneza kwa PowerShell, ile dirisha la amri la Windows, andika [guid]::NewGuid() upate moja, ipe picha yako, na ukae na hiyo hiyo milele. Hapa nilikosea mara ya kwanza, niliweka hiyo amri ndani ya skripti, ikawa kila mtu akiingia asubuhi anaongezewa nakala mpya, wiki mbili baadaye watu wana logo kumi zinafanana. Jina likiwa moja, hata mkibadilisha picha mwaka kesho ile mpya inakalia ya zamani.

Skripti yenyewe ni fupi, pale kwa \\seva\picha weka folda ya seva yenu yenye zile picha mbili:

$a = "$env:LOCALAPPDATA\Packages\MSTeams_8wekyb3d8bbwe\LocalCache\Microsoft\MSTeams\Backgrounds\Uploads"
New-Item -ItemType Directory -Path $a -Force
Copy-Item "\\seva\picha\*.png" $a -Force

Iweke kwa Group Policy, yale mipangilio ya Windows ambayo seva hutuma kwa kompyuta zote za ofisi, upande wa User Configuration, kama skripti ya kuingia. Lazima iendeshwe kwa jina la mtumiaji, si la admini, kwa sababu ile folda iko ndani ya wasifu wa kila mtu, ukiiendesha kama admini picha inaenda kwako peke yako. Na wale wanaofanyia kazi nyumbani hawafikii seva, wao ukitumia Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta kupitia intaneti, ni sawa, ama siku wakija ofisini uwanakilie. Ukimaliza funga Teams kabisa hadi kwa ile alama ndogo karibu na saa, ndio ufungue upya. Jaribu kwa kompyuta mbili kwanza kabla ya matawi yote.

Watu watakupigia wakisema logo imegeuka, maandishi yanasomeka kinyume. Waambie watulie, ni wao tu wanajiona kama kwa kioo, wengine wanaiona sawa.

Sasa kitu ambacho kilinichosha kabisa ni laptopu za ex-UK. Teams inahitaji prosesa yenye AVX2, aina ya amri za hesabu za haraka, ndio iweze kutenganisha mtu na kilicho nyuma yake, na kwa Intel hiyo ilianza na Core za kizazi cha nne, 2013. Angalia jina la prosesa kwa Task Manager, ikiwa ni i5-3 na namba zinafuata, hiyo ni kizazi cha tatu, picha utaiweka vizuri kwa folda lakini mahali pa kuichagua hapatatokea, hata ya kufifisha tu haitakuwepo. Usihangaike kuinstoli Windows upya, mimi nilifanya hivyo na haikusaidia.

Na laptopu ya Bungoma ilikuwa moja ya hizo. Za kubadilisha zilikuwa hazijaingia kwa bajeti, kwa hivyo nilienda soko la Kibuye nikanunua kitambaa cha rangi ya ofisi, mita mbili na nusu, kisichometameta, fundi akashona pindo pana ya kupitisha fimbo ya pazia, nikakituma na matatu ya jioni. Misumari miwili tu. Jumatatu iliyofuata kamera yake ilikuwa imewaka kabla ya yangu.