Jinsi ya kuandikia zana zako maelezo yatakayomfaa wakala wa akili mnemba

Wakala ni programu inayoendeshwa na modeli ya lugha, nayo huita zana, yaani vipande vya programu yako, ili kutimiza kazi. Anapoamua atumie zana ipi, hafungui msimbo wa programu yako. Anachosoma ni jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo, ambayo mara nyingi huandikwa kwa JSON Schema, muundo wa kueleza data inayotakiwa iwe ya namna gani. Ndivyo ilivyo hata ukiitoa zana kupitia Model Context Protocol, itifaki ya kuunganisha modeli na zana, iliyozinduliwa na Anthropic Novemba 2024. Mtu akikwama humwuliza mwenzake. Wakala mara nyingi hubahatisha, tena bila kusita.

Tuchukue mfano wa zana zinazoshughulikia oda kwenye hifadhidata.

Hatua ya 1: Jina

Kitenzi na kitu kinachotendewa: `tafuta_oda`, `futa_oda`. Jina kama `shughulikia_data` halimwambii mtu lolote. Usiwe na `tafuta_oda` na `pata_oda` kwa pamoja. Niliwahi kuziacha zote mbili, na wakala akawa leo anashika hii, kesho ile.

Hatua ya 2: Maelezo

Kazi kubwa iko hapa. Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa maneno mawili: "Hutafuta oda." Sasa yanasomeka hivi:

"Hutafuta oda za mteja mmoja kwa namba yake ya mteja. Kama una jina tu, anza na `tafuta_mteja`. Hurudisha oda zisizozidi 50, mpya zikitangulia. Kwa zinazofuata, tumia kigezo cha `ukurasa`. Haionyeshi oda zilizofutwa."

Sentensi ya pili inamwelekeza wakala kwenye zana nyingine kabla hajabuni namba ya mteja. Atabuni kweli, usimwekee dhamana. Ya tatu niliiongeza baada ya kuumbuka: mteja mwenye oda nyingi aliripotiwa kuwa na oda 50 kamili, kwa sababu wakala alihesabu alichopewa akaona kazi imekwisha. Zana haikuwa na hitilafu yoyote. Kikomo nilikijua mimi tu.

Hatua ya 3: Vigezo

Andika aina, kipimo na mfano. Tarehe 03/04/2025 ni ya Machi au ya Aprili? Taka mpangilio wa ISO 8601, yaani mwaka-mwezi-siku, kisha weka mfano: 2025-04-03. Badala ya `muda`, andika `muda_sekunde`. Kama hali ya oda ni "mpya", "imelipwa" au "imetumwa" tu, ziorodheshe kwenye `enum`, yaani orodha ya thamani zinazokubalika. Onyesha pia kigezo kipi ni cha lazima, na kisipojazwa zana itachukua thamani gani.

Hatua ya 4: Ujumbe wa kosa

Wengi hawauhesabu kuwa sehemu ya maelezo, nami naona huenda ndio sehemu inayosomwa kwa makini kuliko zote. "Kosa 400" humwacha wakala akirudia jambo lile lile. Linganisha na huu:

"`tarehe_kuanzia` haikubaliki: '3/4/2025'. Andika mwaka-mwezi-siku, kwa mfano 2025-04-03."

Kwa ujumbe wa namna hii, kwa kawaida jaribio la pili hupita.

Hatua ya 5: Madhara

Kwa `futa_oda`, sema wazi kama kilichofutwa kinaweza kurudishwa, na kama kuiita mara mbili kuna madhara, maana mtandao ukikatika wakala anaweza kurudia ombi. Model Context Protocol ina alama kama `readOnlyHint` (zana husoma tu) na `destructiveHint` (zana inaweza kuharibu data), lakini hizo ni dokezo tu. Ruhusa ya kufuta ilindwe na seva yenyewe. Maneno hayafungi mlango.

Hatua ya 6: Jaribu

Fungua mazungumzo mapya, mpe wakala zana hizo bila maelezo ya pembeni, kisha uliza kama mtumiaji angeuliza: "Oda ya mwisho ya mteja huyu imefika wapi?" Usiishie kwenye jibu. Soma kumbukumbu za miito: aliita zana gani, akajaza nini. Akikisia vibaya, tafuta kwanza sentensi inayokosekana, uiongeze. Ila usijaze insha, kwani maelezo ya kila zana hula nafasi kwenye muktadha wa modeli, yaani maandishi inayoweza kuyasoma kwa wakati mmoja.

Ukishahariri, rudia maswali yote, hata yale yaliyokuwa yamepita. Nimewahi kunyoosha maelezo ya `tafuta_mteja`, wakala akaacha kabisa kuigusa `tafuta_oda`.