Mahafali ya kidato cha nne: jinsi ya kupongeza watoto wote na kuandika risala itakayofuatiliwa

Msimu wa mahafali ni Septemba na Oktoba, kwa hiyo kama wewe ni mzazi au mwalimu na umeshaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya maandalizi, soma hii kabla hamjaanza kubishana rangi ya mapambo na bei ya keki. Mimi nimekaa kwenye kamati za mahafali ya fomu foo shule ya kata misimu mitatu, mmoja nikiwa mweka hazina, na ninachokiamini ni kwamba ile ndo siku pekee ya mwaka ambayo mtoto, mzazi, mwalimu na kiongozi anayeweza kubadilisha kitu wanakaa chini ya turubai moja. Tukiishia kula pilau na kupiga picha, siku imepotea.

Anzeni na orodha ya watoto, bajeti itafuata. Mahafali yanafanyika kabla ya mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa Novemba, maana yake siku ile matokeo ya mwisho hayapo, hivo mnachopongeza lazima kitoke kwenye makaratasi ya shule yenyewe: matokeo ya kidato cha pili, ya kidato cha tatu, mock (mtihani wa majaribio), na rejista ya mahudhurio. Mwendeeni mwalimu wa taaluma wiki nne kabla. Msimwendee siku tatu kabla mkamwambia "mwalimu tupe kumi bora", kwa sababu hapo atawapa kumi bora kweli, wale wale walioitwa mbele tangu kidato cha kwanza, na watoto mia na kitu waliobaki watapiga makofi masaa manne wakiwa juani. Nimeshaona mahafali ya hivo kwenye shule moja, mtoto aliyekaa miaka minne anaondoka jina lake halijatajwa hata mara moja na mama yake katoka kijiji cha pili kwa bodaboda kuja kumuona.

Na hii habari ya kumi bora tuiache kwa kweli. NECTA wenyewe tangu matokeo ya kidato cha nne 2022, yale yaliyotangazwa Januari 2023, hawatangazi tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, ila huku chini tumeing'ang'ania. Wanaoongoza wapewe zawadi zao, wamezifanyia kazi, afu ongezeni tuzo nyingine: aliyepanda zaidi kwa kila somo, mahudhurio (hasa wanaotembea mbali), anayefundisha wenzake kwenye diskasheni, aliyerudi shule baada ya kukatiza. Hiyo ya mwisho usiitolee maelezo jukwaani, mwite jina mpe zawadi yake basi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mabinti waliojifungua kurudi shuleni na wapo wanaosoma huku wana mtoto nyumbani, na binti wa hivo hahitaji MC amsimulie maisha yake kwenye spika.

Nisimulie kidogo kuhusu hiyo tuzo ya aliyepanda. Mwalimu wa hesabu alileta jina la binti ambaye kidato cha pili alipata 9, mock akapata 38. Mjumbe mmoja akasema 38 ni D, tutampaje mtu zawadi ya D mbele ya mgeni rasmi? Mwalimu hakujibu, akafungua begi akatoa kaunta buku tatu, zimejaa pasti pepa alizofanya yule binti, kila ukurasa pembeni kaandika tarehe na saa, nyingi saa kumi alfajiri, na ukurasa mmoja una doa la mafuta kwa sababu mama yake anauza maandazi na binti anakanda unga kabla ya kufungua daftari. Kikao kikanyamaza. Siku ya mahafali jina lilipoitwa mama alikuwa amesimama kule nyuma kwenye mwembe, akaja mbio mpaka mbele akavua kanga yake akamfunika mwanae, vigelegele vikapigwa mpaka mgeni rasmi akasimama. Kutoka 9 mpaka 38 ni safari ndefu kuliko ya aliyetoka 80 kwenda 84, na mtoto anatakiwa asikie hivo kutoka kwa watu wazima wakati bado hajaingia chumba cha mtihani.

Zawadi zisiwe za gharama. Kaunta buku za kwaya tatu, mkebe, peni za kutosha, pakiti za taulo za kike, pasti pepa zilizopigwa kopi na kubanwa vizuri, bado ana wiki kadhaa za kusoma huyu. Vikombe vya plastiki vya kung'aa achaneni navyo.

Michango sasa. Elimu bila malipo mpaka kidato cha nne ipo tangu Januari 2016, kwa hiyo mchango wa mahafali ni hiari na iandikwe hivo kwenye barua ya wazazi, na mtoto ambaye kwao hawajatoa asiachwe nje ya picha wala asinyimwe sahani. Sisi tulichofanya ni kuacha kabisa kukodi majoho, wote wakavaa sare zao safi na skafu ya rangi moja iliyoshonwa na fundi wa mtaani, gharama ikashuka sana na hakuna aliyejulikana kwao wamechanga au hawajachanga.

Ratiba: tuzo na majina kabla ya hotuba. Piga hesabu, watoto 120 kila mmoja sekunde kumi na mbili ni dakika 24 tu, kwa hiyo asikwambie mtu muda hautoshi kuita kila jina. Muda unaliwa na salamu za itifaki na kumsubiri mgeni. Mgeni akichelewa anzeni, ngonjera na kwaya haziharibiki kwa kuanza bila yeye.

Haya tuje kwenye risala, hapa ndo penyewe. Risala nyingi mnazijua, "ndugu mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo", afu zinakuja kumi na mbili, upungufu wa walimu, uzio, maji, maabara, kompyuta, basi la shule, na mgeni rasmi anajibu "nimezichukua nakwenda kuzifanyia kazi", risala inafungwa kwenye fremu na utepe inawekwa kwenye gari, na mwaka unaofuata tunamsomea mwingine zile zile. Wa kulaumiwa hapo ni sisi tulioandika, maana mtu hawezi kubeba mambo kumi na mbili na hakuna hata moja lenye namba.

Chagueni matatu tu. Kila moja liwe na idadi, liwe na mwenye dhamana, liwe na tarehe. Badala ya "tuna upungufu wa matundu ya vyoo" andikeni hivi: "Shule ina wasichana 312 na matundu 6. Kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 tunahitaji 16, yanapungua 10. Tunaomba yaingizwe kwenye bajeti ya halmashauri inayoandaliwa sasa." Neno "sasa" lina maana yake, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini vipaumbele vinaanza kukusanywa miezi hii hii ya mwisho wa mwaka, yani mahafali yanaangukia wakati mzuri kabisa wa kuomba, ukisubiri Mei umechelewa.

Mjue pia nani anahusika na nini ili msimuombe diwani kitu ambacho hana. Madarasa, vyoo na madawati pelekeni kwa diwani na mkurugenzi wa halmashauri. Walimu wanapangwa na TAMISEMI, yani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ila mkurugenzi anaweza kuhamisha mwalimu ndani ya halmashauri yake, hivo kama shule yenu haina mwalimu wa fizikia na nyingine inao watatu, semeni hilo kwa namba. Mtaala na vitabu ni Taasisi ya Elimu, mtihani ni NECTA, sera ni Wizara ya Elimu, na mtu wa kufikisha hayo Dodoma ni mbunge.

Na sera ndo inabadilika hivi sasa, msikae kimya. Mtaala mpya umeanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba na elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, na sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yani wa ufundi na kazi za mikono. Sasa piga hesabu mwenyewe: waliokuwa darasa la tatu 2024, walioanza na mtaala mpya, wanamaliza la sita 2027, na waliokuwa darasa la nne mwaka ule, waliobaki na wa zamani, wanamaliza la saba 2027 hiyo hiyo, wote wanagonga hodi kidato cha kwanza Januari 2028. Shule yako ina vyumba vingapi vya kidato cha kwanza leo? Kama darasa ni la watoto 40 na tayari wanakaa 70, hilo peke yake linatosha kuwa ombi la kwanza kwenye risala. Na huo mkondo wa amali, ulizeni lini shule yenu au ya jirani itapata karakana na mwalimu wa ufundi, kwa sababu amali ya kuandika ubaoni haimpi mtoto kazi.

Risala waandike watoto wenyewe. Mwalimu asahihishe tahajia na kuhakiki namba, basi. Tulipowaachia, kitu cha kwanza walichoandika hakuna mtu mzima aliyekifikiria: kwamba walisoma miaka saba kwa Kiswahili, wakafika kidato cha kwanza kila somo likageuka Kiingereza, na kuna mwenzao alikaa mwaka mzima anaijua baiolojia vizuri lakini hawezi kuiandika kwenye karatasi. Mtaala mpya unaanza kufundisha Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza, sawa, ila wale waliopo sasa hivi katikati nani anawasaidia? Mimi nadhani kila shule ya kata ingepewa muda na mwalimu wa kuwavusha watoto lugha taratibu kabla ya kuwapima, na hilo lilisomwa na binti wa miaka kumi na saba kwenye spika, sio na mimi kikaoni.

Mgeni rasmi apelekewe risala wiki moja kabla ili aje na majibu. Mchagueni kwa alichonacho mkononi, ofisa anayeshika bajeti ana faida kuliko mtu maarufu atakayetoa shilingi laki tano na kuondoka. Nakala nyingine ziende kwa bodi ya shule, afisa elimu kata, na kamati ya maendeleo ya kata, ambayo diwani ndo mwenyekiti wake.

Januari matokeo yakitoka kuna kazi ya pili, ndogo, watu wengi wanaisahau. Ukisikia "shule imefaulisha asilimia 90" uliza wangapi ni divisheni foo, maana ufaulu unahesabu mpaka hapo. Divisheni thrii inaishia pointi 25, foo inaanza 26, na kwenda kidato cha tano mtoto anahitaji angalau C tatu, kwa hiyo pointi moja inawatenganisha watoto wawili waliokaa dawati moja. Fanyeni siku ya taaluma, wapongezeni walimu kwa majina, afu wekeni meza ya mtu anayejua VETA (vyuo vya ufundi stadi), vyuo vya maendeleo ya wananchi, vyuo vya kati na kurudia mtihani, na waiteni kwa simu wale wa foo na ziro mmoja mmoja. Matokeo yao msiyarushe kwenye grupu la wazazi.

Mwisho, nakala moja ya risala ibanwe kwenye faili la bodi ikiwa na safu ya pembeni, imefanyika au bado, na risala ya mwaka unaofuata ianze kwa kusoma hiyo. Msimu wangu wa tatu kijana alisimama akasoma, "mwaka jana tuliomba matundu kumi, yamejengwa manne, bado sita." Diwani akaomba kalamu kwa aliyekaa pembeni yake, akaandika.